Kuongoza Mfuko wa Wenyeji: Habari za Wahopi wa Arizona

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Fungueni madaftari yenu. Juu ya ukurasa andikeni neno moja tu: MFUKO. Mwalimu wa darasa aliandike ubaoni kwa herufi kubwa, kila mtu alione.

Neno hili mwalijua. Mfuko ni kitu cha kutilia vitu. Shati lina mfuko. Lakini twasema pia mfuko wa mazishi, mfuko wa shule, mfuko wa kijiji. Hapo maana yake ni fedha zilizochangwa na kuwekwa kwa kazi moja. Akifa mtu, mfuko wa mazishi hufunguliwa, sanda hununuliwa, wageni hulishwa, na mfuko hubaki mtupu mpaka watu wachange tena.

Leo nitawaambia habari za mfuko wa namna nyingine. Huu haufunguliwi ukamalizwa. Fedha zake huwekwa mahali zinapozaa, na yale mazao ndiyo yanayotumiwa, mwaka kwa mwaka, kwa faida ya watu wa mahali pamoja. Watu wa pwani wanalijua jambo hili tangu zamani kwa jina la wakfu. Mzee mwenye shamba la minazi au nyumba ya kupangisha huiweka wakfu. Haiuzwi wala hairithiwi. Kodi yake hutengeneza msikiti au husaidia maskini, hata baada ya mzee mwenyewe kuwa kaburini miaka mingi.

Kule Marekani, mwaka 1914, mtu mmoja wa benki jina lake Frederick Goff alianzisha katika mji wa Cleveland mfuko usio wa tajiri mmoja, bali wa mji mzima. Wengi hutoa, wakubwa kwa wadogo, na kamati ya watu wa mji huamua fedha ziende wapi. Tangu hapo mifuko ya jamii imeenea duniani. Kenya inao mmoja unaojulikana, Kenya Community Development Foundation, ulioanza 1997.

Lakini nataka tutazame mfuko ulio mdogo, na ambao kazi yake ni ngumu zaidi. Ni mfuko wa wenyeji wa asili, watu walionyang'anywa sehemu kubwa ya nchi yao, na ambao sasa wanataka kujiendeshea mambo yao wenyewe. Nani atauongoza? Aanze na lipi? Na fedha zikija, azipokee zote?

Wahopi ni taifa dogo. Hesabu yao ni kiasi cha watu 14,000. Wanakaa kaskazini ya jimbo la Arizona, katika nchi kavu yenye upepo, na vijiji vyao 12 viko juu ya vilima vya mawe vilivyo bapa kama meza, au chini yake. Vitabu vya zamani viliwaita watu kama hawa Wahindi Wekundu. Si Wahindi, wala si wekundu, basi tuliache jina hilo. Mwaka 1882 Rais wa Marekani, Chester Arthur, aliweka sahihi karatasi ya kuwatengea nchi yao. Wazee wa Kenya watakumbuka neno rizavu. Ndilo hilo hilo. Pande zote wamezungukwa na nchi ya jirani zao, Wanavajo.

Kwa Wahopi mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kama ilivyo desturi kwa Wamakonde na Wayao. Nyumba ni ya mwanamke. Hulima mahindi mahali ambapo wewe ukipaona utasema hapaoti hata magugu. Hawangoji mto wa kumwagilia maji. Huchimba shimo refu mpaka wafike kwenye udongo wenye unyevu, wakatia punje nyingi pamoja. Zamani kila nyumba ilikuwa na akiba ya mahindi ya kutosha mwaka mzima au zaidi, kwa kuwa ukame ulikuwa hauna miadi. (Na haya mahindi tunayosongea ugali, mbegu yake ya kwanza ilitoka katika bara lao. Hilo ni somo la siku nyingine.)

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo wanafunzi wa darasa kama hili watalishangaa. Mwaka 1895 wanaume 19 wa Kihopi walikuwa wamefungwa katika gereza la Alcatraz, kisiwa kilicho karibu na mji wa San Francisco. Kosa lao moja kubwa lilikuwa kukataa kuwapeleka watoto wao shule ya serikali. Utasema, je, watu hawa walichukia elimu? Ngoja kwanza. Shule hizo ziliwachukua watoto mbali na nyumbani, ziliwakata nywele, ziliwakataza lugha ya mama zao. Tena wakati ule ule serikali ilitaka kuyagawa mashamba ya koo vipande vipande, kila mtu na chake. Elimu ilikuja imefungwa pamoja na mambo hayo, nao waliambiwa wachukue furushi zima au wafungwe. Walifungwa.

Ugomvi huu uliingia mpaka ndani ya kijiji chao kikubwa cha kale, Oraibi. Wengine walisema tupatane na serikali, wengine walisema hapana. Mwezi wa Septemba 1906 pande mbili zilisimama, mstari ukachorwa chini, wakasukumana. Upande ulioshindwa ulitoka siku ile ile, wake kwa waume na watoto, wakaenda kujenga kijiji kipya, Hotevilla.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu usipoyajua hutafahamu kazi ya kiongozi wa mfuko. Kwa watu waliopitia hayo, mgeni akija na zawadi hawaulizi kwanza zawadi ni kiasi gani. Huuliza: itachukua nini?

Basi, mwaka 1987 Wahopi wachache walikutana wakaanzisha mfuko wao, Hopi Foundation. Hawakuwa serikali. Serikali ya Wahopi iko, ni Baraza la Kabila, lililowekwa kwa katiba ya mwaka 1936. Lakini vijiji vingine havikulikubali tangu mwanzo, maana kila kijiji kilikuwa na utawala wake wa zamani. Kwa hiyo mfuko huu uliwekwa nje ya Baraza, uwe wa watu wa vijiji vyote, wanaokwenda barazani na wasiokwenda. Waliuandikisha kwa sheria za Marekani kuwa chama cha hisani. Neno walilolichagua kuwaongoza ni hili: Itam naapyani. Maana yake, tutafanya sisi wenyewe.

Jina la mfuko kwa Kihopi ni neno moja refu mno: Lomasumi'nangwtukwsiwmani. Usiogope. Sisi nasi tuna maneno ya kuunganisha. Lisome hili: ha-wa-ku-tu-pelek-e-a. Neno moja, lakini ndani yake mna sentensi nzima. Na lile la Kihopi, maana yake ni karibu na hii: watu wenye nia moja njema, na umoja wao unakua na kuchanua mpaka unakomaa.

Nia ni njema. Lakini nia haikagui hesabu. Tuseme sasa ni wewe, msomaji, uliyechaguliwa kuongoza mfuko mpya kama huu, huko kwa Wahopi au kwa watu wengine walio kama wao. Umepewa ufunguo wa chumba kimoja chenye meza. Fedha ni kidogo. Wengi wanakutazama, na nusu yao wanasema chinichini kwamba utakula.

Usianze kwa kununua gari. Anza kwa kutafuta wadhamini. Wadhamini ni watu waliokabidhiwa mali ya wengine waitunze. Mtafute mmoja anayejua hesabu, na mmoja anayejua desturi na mipaka ya koo. Watoke vijiji mbalimbali, maana wakitoka kijiji kimoja mfuko utakuwa wa kijiji hicho, hata ukiuita jina gani. Na mtafute mmoja ambaye hukubaliani naye. Mdhamini anayeitikia kila neno lako hana faida. Siku utakapopotea njia ataitikia vilevile.

Kisha kuna mambo ya jamaa. Kwa Wahopi, dada ya mama yako huitwa mama, sawasawa na sisi tunavyosema mama mkubwa na mama mdogo. Basi kiongozi ana akina mama wengi, na kila mmoja ana kijana anayetaka ada ya shule. Watakuja nyumbani jioni, si ofisini. Watakaa, watakunywa chai, watakukumbusha ni nani aliyekulea. Hawana ubaya, kwao fedha zilizo mikononi mwa mtoto wao ni fedha za nyumbani. Utajibuje bila kuvunja heshima? Njia nzuri ni kanuni iliyoandikwa kabla ya mtu yeyote kuja. Kanuni iseme: mdhamini au msimamizi ambaye jamaa yake ameomba, atoke chumbani wakati ombi hilo linapozungumzwa, na kutoka kwake kuandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Hapo utaweza kusema, "Mama, ombi la kijana lipelekwe kama ya wengine. Mimi siku hiyo nitakuwa nje." Kanuni ikiandikwa baada ya mama kufika, si kanuni tena, ni tusi.

Lakini kazi iliyo kubwa kuliko zote ni kuhakikisha kwamba uamuzi unabaki mikononi mwa wenye mfuko. Fedha zaweza kutoka nje. Zaweza kutoka kwa serikali, kwa kampuni, kwa tajiri wa mji wa mbali. Uamuzi usitoke pamoja nazo. Nitawapa mfano kutoka kijiji cha Hotevilla, kile kilichozaliwa na ugomvi wa 1906.

Nyaya za umeme zilipofika sehemu zile, wazee wa Hotevilla walikataa nguzo zisiingie kijijini. Mtu wa mbali akisikia hivyo atacheka, atasema wazee hawa wanapenda giza. Tazama walivyopima. Kampuni ikisimamisha nguzo, hupata haki ya kupita juu ya ardhi ile, leo na miaka ijayo. Mwenye nyumba asipolipa, hukatiwa. Tena kijiji kilicho na mahali pake pa ibada hakipendi nguzo zipite popote zinapotaka. Wazee hawakukataa mwanga. Walikataa kamba iliyofungwa kwenye mwanga.

Walakini nyumbani mlikuwa na giza kweli. Watoto walisoma kwa taa ya mafuta, na nyinyi mnaosoma usiku mnajua macho yanavyouma. Hapa ndipo kiongozi anapojulikana. Angeweza kwenda kwa wazee akawaambia dunia imebadilika, sahihini karatasi. Angeweza kwenda kwa vijana akawaambia wavumilie. Mfuko mpya haukufanya hilo wala hilo. Tangu miaka ile ya mwisho ya 1980, Hopi Foundation ilishughulika na umeme wa jua, yaani sola. Paneli huwekwa kwenye paa lako, betri huwekwa ndani, na waya hautoki nje ya ukuta wako. Hakuna nguzo. Hakuna ofisi ya mbali inayoweza kukuzimia taa.

Wala hawakuzigawa bure. Walianzisha mkopo wa kuzunguka. Mtu hukopa, hufungiwa mitambo, hulipa kidogo kidogo. Na kile alicholipa hukopeshwa mwingine. Si upatu hasa, maana katika upatu kila mtu ana zamu yake na mwisho mchezo hukatika. Lakini aliyezoea upatu ataelewa upesi. Kwa nini wasigawe bure? Mimi naona sababu ni hii: betri hufa. Kitu cha bure kikiharibika watu humngoja aliyekileta. Kitu ulichokilipia utapanda juu ya paa mwenyewe kukifuta vumbi.

Mmoja wa mafundi waliofanya kazi hiyo ni Debby Tewa, mwanamke wa Hotevilla, aliyekulia katika nyumba isiyo na umeme. Alikwenda kusomea kazi ya umeme, akarudi, akawa akipanda juu ya mapaa ya Wahopi na ya Wanavajo kufunga paneli. Andikeni hilo daftarini: fundi alikuwa mtu wa pale pale. Mfuko unaoleta mitambo bila fundi wa kuitengeneza umeleta chuma chakavu cha mwaka ujao.

Sasa tuingie katika hesabu. Chukueni kalamu.

Mwezi wa Novemba 2000, Baraza la Kabila la Wahopi lilitenga dola 10,000,000 kuanzisha mfuko mwingine, wa elimu, uitwao Hopi Education Endowment Fund. Huu si ule wa 1987. Ni ndugu yake mdogo, na huu ulitoka kwa serikali yao. Dola milioni kumi ni fedha nyingi. Siku moja zingeweza kulipa ada za vijana wengi, na zikaisha siku hiyo hiyo. Badala yake ziliwekwa ziwe mtaji. Mtaji ni fedha mama: haziliwi, huzaa. Fikiri juu ya akiba ya mahindi niliyoitaja. Mke wa Kihopi mwenye busara alijua gunia lipi ni la kusaga na lipi ni la mbegu, na njaa yenyewe haikumfanya asahau.

Tufanye mfano, si hesabu za mfuko wenyewe, ni mfano tu. Mtaji ni 10,000,000. Mwaka mmoja umezaa 7 kwa kila 100. Basi:

10,000,000 × 7 ÷ 100 = 700,000.

Je, tutumie 700,000 yote? Wengi darasani watasema ndiyo, maana mtaji haujaguswa. Lakini bei za vitu nazo hupanda. Tuseme mwaka huo zimepanda 3 kwa kila 100. Kitu ulichonunua jana kwa 100, leo ni 103. Basi mtaji ule ule wa milioni kumi, ukibaki milioni kumi, umepungua nguvu ingawa tarakimu hazikupungua. Ili ubaki na nguvu ile ile, lazima uurudishie 3 kwa kila 100:

10,000,000 × 3 ÷ 100 = 300,000.

Sasa toa 300,000 katika 700,000. Zinabaki 400,000. Hizo ndizo za kugawa. Kiongozi asiyejua hesabu hii atagawa 700,000, atasifiwa sana, na watoto wa wajukuu wake watakuta mfuko umekonda bila kuona mwizi.

Na kuna miaka ambayo soko huanguka, mtaji hauzai kitu. Mwaka huo watu hawaelewi. Watasema, "Fedha zipo benki, tumeziona kwenye karatasi, na kijana wangu amekosa ada." Ni neno gumu kulijibu, hasa kama kijana mwenyewe amesimama mbele yako na vyeti vyake. Ndiyo maana mfuko wa elimu wa Wahopi ulipewa wadhamini wake, mbali na kiti cha siasa. Wanasiasa huchaguliwa na watu wa leo, na watu wa leo wana njaa. Mtoto ambaye hajazaliwa hana kura.

Ngojeni niwaonyeshe kwamba hili si neno la mdomoni tu. Kwa miaka mingi serikali ya Wahopi ilitegemea makaa ya mawe yaliyochimbwa kwenye mlima wa Black Mesa. Mikataba ilitiwa sahihi 1966. Fedha zilikuja, kazi pia zilikuja kwa wengine. Lakini makaa ya sehemu moja yalisagwa, yakachanganywa na maji ya chini ya ardhi, yakasukumwa ndani ya bomba hadi jimbo la Nevada, na hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka 2005. Maji, katika nchi kavu kama ile! Wahopi wengi walilia juu ya chemchemi zao. Kisha mwaka 2019 kiwanda kikubwa cha umeme kilichobaki kikinunua makaa hayo, Navajo Generating Station, kilifungwa, na mgodi ulifungwa mwaka huo huo. Sehemu kubwa ya mapato ya serikali ya Wahopi ikakatika mara moja. Fedha zote zilizokuwa zimeliwa zilikuwa zimeliwa. Kilichotengwa 2000 kuwa mbegu kilikuwa bado kina wadhamini wake.

Turudi kwako uliye na ufunguo wa chumba. Siku moja itakuja barua nzuri. Mfadhili, yaani mtu wa kutoa msaada, anataka kukupa fedha nyingi, lakini anaomba picha za ngoma za ibada ili awaonyeshe wenzake. Katika vijiji vya Wahopi kupiga picha ibada kumekatazwa, hata kuchora na kurekodi sauti. Utafanyaje? Ukikubali, fedha zimepatikana na heshima imeuzwa, na heshima hiyo haikuwa yako kuiuza. Ukikataa kwa hasira, umemfukuza mtu ambaye labda hakujua. Mimi ningeandika hivi: "Tunashukuru kwa barua yako. Ibada zetu hazipigwi picha. Tukupeleke ukaone mashamba ya mahindi, na vijana wanaosoma, kama wao wenyewe wakipenda." Wafadhili wengi wakielezwa vizuri hufahamu. Asiyefahamu, mwache aende. Angerudi mwaka wa pili na sharti kubwa zaidi.

Ila nisikudanganye kwamba kukataa ni rahisi. Kukataa kwa kiongozi ni mshahara wa mtu fulani usiolipwa mwisho wa mwezi, na mtu huyo yuko chumba cha pili anasikia simu. Kwa hiyo neno la kukataa lisiwe la mtu mmoja. Liletwe kwa wadhamini, lipigiwe kura, liandikwe.

Na utoe habari kwa watu kwa lugha yao. Taarifa iliyoandikwa kwa Kiingereza cha wakili, ikapelekwa mjini, si taarifa kwa bibi mwenye shamba. Wahopi walikuwa na njia yao katika jambo la habari. Mwezi wa Desemba 2000, Hopi Foundation ilifungua kituo cha redio, KUYI, katika nchi yao. Jina hilo limetokana na neno la Kihopi la maji. Kihopi kikasikika hewani, lugha ile ambayo shule za zamani ziliwakataza watoto. Sisi tunaosoma kwa redio tutajua thamani ya kitu hicho bila kuambiwa.

Jambo moja zaidi, dogo, lakini mimi lilinipendeza. Mfuko huu wa taifa dogo lisilo na utajiri mkubwa uliweka pia tuzo kwa watu wa nchi yoyote wanaowatibu waliopata mateso. Tuzo hiyo ina jina la daktari wa maradhi ya roho, Barbara Chester, aliyefanya kazi hiyo akiwa pamoja nao. Wahopi hawakungoja kutajirika ndipo watoe. Mpokeaji akitoa, watu hubadili namna ya kumtazama, naye hubadili namna ya kujitazama.

Kuhusu viongozi wenyewe, nitataja wawili. Bibi Barbara Poley, Mhopi, alikuwa msimamizi mkuu wa Hopi Foundation kwa miaka mingi. Bibi LuAnn Leonard aliusimamia ule mfuko wa elimu. Wote wawili ni wanawake, katika taifa ambalo nyumba na mbegu ni mali ya wanawake.

Sasa kazi ya darasa. Mwalimu aisome mara mbili, polepole.

Hesabu. Mfuko wa kijiji una mtaji wa shilingi 2,000,000. Mwaka huu umezaa 8 kwa kila 100. Bei za vitu zimepanda 5 kwa kila 100. Mwaweza kugawa shilingi ngapi, na mtaji usipungue nguvu?

Barua. Kampuni moja imeahidi kuuongezea mfuko huo shilingi 500,000, kwa sharti kwamba itachagua yenyewe ni watoto gani watalipiwa ada. Ninyi ni wadhamini, mko saba, na mmoja wenu ana mtoto anayesoma. Kateni shauri kwanza, huyo mmoja akiwa nje. Kisha kila mwanafunzi aiandikie kampuni barua ya kuijibu, isiyozidi sentensi sita, na aweke sahihi kwa mkono wake mwenyewe.